Waridi Juu ya Kauri

Neno utamaduni likitajwa mbele ya wanafunzi wetu, mikono mingi huinuka kutaja ngoma, majigambo, hadithi, nyimbo za jando, mavazi na vyakula. Majibu hayo ni sahihi, wala hatuna nia ya kumkosoa mwanafunzi ayatoaye. Lakini ni nadra kumsikia mmoja akitaja sahani. Sahani ya maua, ile iliyosimamishwa nyuma ya kioo cha kabati, isiyoguswa ila siku ya Idi, ya Krismasi au ya ugeni wa posa, haihesabiwi. Huonekana kuwa ni kitu cha dukani, na kitu cha dukani hudhaniwa kuwa hakina historia. Katika insha hii tumekusudia kuitwaa sahani hiyo mikononi, kuipindua, na kuuliza swali moja: waridi lile lililo katikati yake limefikaje pale, na ni mkono wa nani uliolichora?

Yafaa tuanze na jina la chombo chenyewe. Kwa Kiswahili kauri ni gamba dogo la baharini, laini, linalong'aa kama lililopakwa mafuta, ambalo zamani lilitumika kuwa fedha katika sehemu nyingi za bara letu. Jina hilo hilo, ambalo wengine hulitamka kaure, ndilo tulilovipa vyombo vyeupe vya Uchina. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wataliana nao walifanya vivyo hivyo. Neno lao porcellana lilikuwa jina la gamba hilo la baharini kabla ya kuwa jina la chombo, na kutoka kwao likaenea katika lugha nyingi za Ulaya. Watu wa pwani mbili zilizo mbalimbali waliutazama weupe mmoja na mng'aro mmoja, wakaufananisha na kitu kimoja.

Pwani yetu haikuwa ngeni wa vyombo hivyo. Vigae vya Kichina vimefukuliwa Kilwa Kisiwani, Gedi, Manda na kwingineko, na vingine ni vya karne ya 9. Katika msikiti mdogo wa kuba wa Kilwa mabakuli yalipachikwa kwenye dari yenyewe, yakawa mapambo ya nyumba ya ibada. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa namna hiyo hiyo, na mahali pengi bakuli limekwisha kung'olewa, limebaki shimo la mviringo lililo sawa na kitako chake. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu na Pate kuta za chumba cha ndani zilijengwa zidaka, safu juu ya safu, na vyombo vikapangwa humo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyoanguka, hakutaja hazina wala majeshi peke yake. Alivitazama vidaka vya vyombo na kuona makinda ya ndege yamelala humo. Msomaji wa zama zake hakuhitaji maelezo zaidi.

Lakini mwenye kuvichunguza vyombo hivyo vya kale hataliona waridi. Ataona rangi ya kijani iliyopoa kama maji ya kina, ataona buluu juu ya weupe, ataona yungiyungi, mawingu na samaki. Waridi lilikuja baadaye sana, tena kwa njia ndefu. Nasi watunga mashairi tumelichuma waridi mara nyingi mno katika beti zetu bila ya kuchomwa na mwiba wake, kwa sababu wengi wetu tulilijua kwa jina na kwa marashi yake kabla ya kuliona kwa macho. Asumini na kilua tulivinusa uani. Waridi tulilitazama sahanini.

Ili kuelewa kwa nini lilichelewa, hatuna budi kuingia kidogo katika mambo ya udongo na moto.

Kauri haifinyangwi kwa udongo wowote. Inataka udongo mweupe uitwao kaolini, jina lililotokana na kilima cha Gaoling karibu na mji wa Jingdezhen nchini Uchina, uliochanganywa na jiwe lililosagwa hata likawa unga. Mchanganyiko huo huchomwa katika tanuri lenye joto la kiasi cha nyuzi 1,300 za Selsiasi au zaidi, mpaka jiwe liyeyuke na kuushika udongo, na chombo kizima kiwe kigumu, kizibe, kipenyeze nuru kidogo kikiinuliwa mbele ya dirisha. Kaolini si mali ya Uchina pekee. Katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, upo udongo huo huo. Ulikwisha kuchimbwa, na mahandaki ya machimbo yaliyoachwa yamekuwa makao ya popo. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, wanaofinyanga vyungu vyembamba na vya mviringo kamili kwa mikono, huvichoma kwa moto wa wazi usiofikia joto hilo hata kidogo. Tofauti ya chungu chao na kauri ni ya udongo na tanuri. Mwalimu akisikia darasani kwamba ni tofauti ya akili, na asikubali.

Sasa, rangi. Mchoraji wa kauri ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchora juu ya udongo mkavu, kisha kufunika mchoro kwa utando wa kioo na kukichoma chombo mara moja kwa moto ule mkubwa. Rangi nyingi haziwezi kuustahimili moto huo. Buluu ya madini ya kobalti huustahimili, na hiyo ndiyo sababu dunia ilijaa vyombo vya buluu na nyeupe. Njia ya pili ni kukichoma chombo kwanza, kikamilike, ndipo mtu achore juu ya kioo chake kwa rangi zilizotengenezwa na kioo laini kilichosagwa pamoja na madini, kisha akirudishe katika tanuri dogo lenye joto la kiasi cha nyuzi 800, rangi zipate kuyeyuka na kugandamana na uso wa chombo. Waridi ni mtoto wa njia hii ya pili.

Hata hivyo rangi yake ilikosekana. Kutu ya chuma hutoa wekundu wa tofali, nao ulitumika sana, lakini waridi la wekundu wa tofali halimdanganyi hata nyuki. Waridi hutaka ule wekundu wa ndani ya mdomo wa mtoto, unaokolea ukawa zambarau kivulini na kufifia ukawa karibu mweupe penye nuru. Rangi hiyo ilipatikana ndani ya dhahabu. Dhahabu iliyoyeyushwa katika mchanganyiko wa asidi uitwao maji ya kifalme, kisha ikatiwa bati iliyoyeyushwa, huacha masimbi mekundu ya zambarau. Masimbi hayo kidogo tu yakichanganywa na kioo hutoa rangi ya waridi. Mwaka 1685 kilichapishwa kitabu juu ya jambo hilo chenye jina la Andreas Cassius, na rangi ile ikaitwa kwa jina lake. Hivyo basi, wekundu wa ua la sahani za zamani ni dhahabu kweli, ingawa mtazamaji huisifu dhahabu ya ukingoni na kuisahau iliyo katikati.

Karibu na mwaka 1720 wachoraji wa Uchina walianza kutumia rangi hiyo, na wao wenyewe waliziita rangi za aina ile rangi za ng'ambo. Tunaombwa kila siku tuamini kwamba utamaduni wa watu wakubwa hautoki nje ya mipaka yao. Hapa taifa lililowafundisha wengine wote kazi ya kauri lilipokea rangi ya mgeni, likaitumia kwa ustadi ambao mgeni mwenyewe alikuja kuuiga, wala halikuona haya kuiita kwa asili yake.

Tunayo habari ya jinsi kazi ilivyofanywa huko Jingdezhen. Padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliandika barua mbili ndefu, ya 1712 na ya 1722, akieleza aliyoyaona. Alisema kwamba chombo kimoja hupitia mikono ya watu wapatao 70. Mmoja kazi yake ni kuchora duara la ukingoni, mwingine ni kuandika mistari ya nje ya maua, na mwingine ni kuyajaza rangi. Mtu alichora ua maisha yake yote asichore jani, au jani asichore ndege. Hakuna aliyetia jina lake. Watu 70 waliokishika chombo kabla ya kupakiwa merikebuni wamepotea, na kwenye kitako imebaki, kama imebaki, alama ya enzi ya mfalme.

Ulaya nako mambo hayakuwa mema zaidi. August, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, alikuwa na uchu wa kauri usiomithilika. Mwaka 1701 alimtia mkononi kijana mmoja, Johann Friedrich Böttger, aliyekuwa amejigamba kwamba anajua kuyageuza madini duni yawe dhahabu. Dhahabu haikuonekana. Chini ya ulinzi, akiongozwa na mtaalamu Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, kijana huyo alifikia siri ya kauri mwaka 1708, na mwaka 1710 kiwanda kilianzishwa ndani ya ngome mjini Meissen, mahali ambapo siri ingeweza kufungiwa pamoja na waijuao. Böttger alifariki 1719, umri wake miaka 37. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 1717, August alikuwa amempa mfalme wa Prussia askari wa farasi 600, naye akapokea vyombo vya kauri 151. Hesabu hiyo ni rahisi. Kila chombo kilithaminiwa kwa karibu watu wanne. Ndani ya kiwanda hicho cha Meissen wachoraji waliacha baadaye kuiga maua ya Kichina, wakaanza kuchora maua ya bustani zao na ya vitabu vya elimu ya mimea. Waridi likapata makao yake juu ya kauri ya Ulaya.

Mtu ambaye mkono wake tunaweza kuutambua bila shaka hakutoka kwa wafalme. Alikuwa William Billingsley, aliyezaliwa 1758 katika mji wa Derby, Uingereza. Mwaka 1774 aliingia mwanagenzi katika kiwanda cha kauri cha William Duesbury mjini humo, akakaa kazini miaka 22. Maua ndiyo yaliyokuwa kazi yake, na katika maua, waridi.

Wachoraji waliomtangulia walilijenga waridi kwa kuongeza. Walianza na rangi hafifu, wakaikoleza kidogo kidogo, na palipotakiwa nuru waliuacha weupe wa kauri bila kuugusa. Waridi lao lilikuwa zuri lakini limelala, kama lililokatwa kwenye kitambaa. Billingsley aliigeuza njia. Alilipaka ua rangi nzito, kisha, rangi ingali mbichi, alichukua brashi iliyo karibu kavu akaifuta pale ambapo nuru huiangukia petali. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama. Ausugue ubao kwa ubavu wa chaki hata sehemu moja iwe nyeupe tupu, kisha achore ndani ya weupe huo kwa kidole kitupu. Umbo litakalotokea halikuongezwa kitu, limepunguziwa. Kwa njia hiyo petali za Billingsley zilipata mviringo, ua likajitenga na sahani, na tumba lililoinama lilionekana kuwa lina uzito.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi kwa maneno. Tuifikirie mkononi. Rangi ni unga uliosagwa kwenye bamba la kioo, ukalainishwa kwa mafuta ya tapentaini yaliyoachwa yakawa mazito, yasikauke upesi. Uso wa kauri hauinywi rangi kama karatasi au kitambaa; ni utelezi, na brashi hukimbia. Muda wa kufuta ni mfupi: rangi ikiwa mbichi mno hutiririka na kuijaza tena nafasi iliyofutwa, ikikauka haifutiki ila kwa kukwaruza. Aidha, mchoraji haioni rangi anayoipaka. Wekundu wa dhahabu kabla ya moto ni unga wa zambarau iliyofifia, usio na dalili ya waridi. Moto ukipungua hutoka na hudhurungi, ukizidi huelekea buluu. Basi huchora kwa kumbukumbu, akiamini kwamba siku mbili baadaye tanuri litamrudishia alichokikusudia. Mara nyingi chombo hurudishwa motoni zaidi ya mara moja, kwanza kwa rangi za msingi, kisha kwa vivuli na mishipa ya majani, na kila safari kinaweza kupasuka. Tuliandike wazi jambo hili, maana tumezoea kusikia kwamba uchoraji wa vyombo ni kazi ya mapambo, isiyo na fikira, ya chini kuliko uchoraji wa turubai. Mchoraji wa turubai hutazama, akafuta, akarudia kesho.

Katika jumba la makumbusho la Derby imehifadhiwa sahani moja iliyoitwa sahani ya wanagenzi. Billingsley aliyachora mawaridi yake humo ili yawe kielelezo, na vijana wa kiwandani waliwekewa mbele wayaige. Waridi moja lageuka uso, jingine laonyesha kisogo, jingine bado tumba. Ni kitabu cha kiada kisichokuwa na neno.

Mwaka 1796 aliondoka Derby. Wakala wa kiwanda aliyekuwa London alikuwa amemwandikia mwenye kiwanda kumtahadharisha asimpoteze mtu huyo, kwa kuwa akienda kwingine atawafundisha wengine namna ile ya kuchora maua. Lakini alikwenda. Hakutaka tena kuchora tu. Alitaka kuifinyanga kauri yenyewe, iliyo nyeupe na nyororo kuliko zote zilizopata kuonekana Uingereza, na kuimiliki. Akaanza Pinxton, akaenda Mansfield, akaenda Torksey, na kote huko fedha zilimwishia. Mwaka 1808 aliingia kiwanda cha Worcester pamoja na Samuel Walker, aliyekuja kuwa mkwewe, na huko walitia saini mkataba wa kutowafunulia watu wengine siri yao ya kutengeneza kauri. Mwaka 1813 walitoroka Worcester, Billingsley akijiita Beeley, wakaenda na binti zake wawili mpaka kijiji cha Nantgarw, kusini mwa Wales.

Kauri waliyoitengeneza Nantgarw ni nzuri kupita kiasi. Waijuao huinua sahani yake mbele ya taa na kuuona mwanga umepita kama kupitia theluji. Lakini udongo wenyewe ulikuwa na tabia mbaya: ulikuwa karibu sana na kioo, na joto likizidi kidogo tu chombo kilinyong'onyea na kuporomoka. Inasimuliwa kwamba katika kila vyombo kumi vilivyotiwa tanurini tisa viliharibika. Mwaka 1814 Lewis Weston Dillwyn, mwenye kiwanda cha vyombo huko Swansea, aliwachukua wakafanye kazi kwake, naye akajitahidi kuuimarisha udongo ule. Kisha wakarudi tena Nantgarw. Mwaka 1817 binti wote wawili wa Billingsley, Sarah na Lavinia, walifariki, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1820 aliyaacha matanuri na vyombo vyeupe visivyochorwa, akaenda kuajiriwa Coalport, na huko ndiko alikofariki mwaka 1828.

Wapo waandishi wanaomwita mtu wa kigeugeu, mvunja mikataba, asiyetulia. Sisi tunayatazama mambo kwa jicho jingine. Mtu huyu aliwatajirisha wengine kwa mkono wake kwa miaka 22, akaona kwamba mkono peke yake hautamfikisha popote maadamu udongo, tanuri na duka ni vya mwingine. Alitaka kuvishika vyote. Kosa lake lilikuwa la moto na la hesabu, na gharama ya kosa hilo waliilipa watoto wake. Jambo chungu zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kauri ya Nantgarw ilisafirishwa nyeupe mpaka London, ikachorwa huko na wachoraji walioajiriwa na wafanyabiashara. Bwana wa waridi alitengeneza sahani bora kuliko zote, na waridi juu yake likawekwa na mkono mwingine. Vyombo alivyoviacha huko kijijini navyo vilichorwa na Thomas Pardoe, mchoraji hodari, mpaka alipofariki mwaka 1823.

Wakati Billingsley akihangaika, mpinzani mkubwa wa mkono wa mchoraji alikuwa amekwisha kuzaliwa; tena alimtangulia Billingsley kwa miaka miwili. Tarehe 27 Julai 1756, huko Liverpool, John Sadler na Guy Green walichapa picha juu ya vigae vya ukutani zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa sita, na wakaapa mbele ya sheria kwamba wamefanya hivyo. Picha ilichongwa kwenye bamba, ikapakwa wino, ikapigwa kwenye karatasi nyembamba, na karatasi ikabandikwa chomboni. Mwanzoni njia hii ilitoa mistari ya rangi moja tu, na viwanda vingi vikawaajiri wanawake na watoto kuijaza kwa brashi. Hapo waridi lilipata kundi jipya la wafanyakazi, ambao majina yao hayakutunzwa hata kwa namba, kama ile namba ndogo waliyopewa wapaka dhahabu wa Derby. Katika baadhi ya viwanda vya Uingereza wachoraji wanaume waliwazuia wanawake wasitumie kiegemeo cha mkono, yaani kile kijiti ambacho mchoraji huulaza mkono wake usitetemeke, kwa hofu kwamba wangechora vizuri na kuwashushia mishahara. Mwanamke alichora waridi mkono ukining'inia hewani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 picha za kubandika zenye rangi nyingi zilipatikana, na waridi zima, lenye vivuli vyake na nuru yake, likaweza kuwekwa sahanini na mtu asiyejua kuchora hata duara.

Mkono haukufa, bali ulihamia kwenye vyombo vya bei ya chini. Na hapa historia inarudi kwetu. Viwanda vya Ulaya, kwa mfano vile vya Maastricht nchini Uholanzi ambako Petrus Regout alianza kazi ya vyombo mwaka 1836, vilitengeneza kwa wingi mabakuli na sahani za udongo mweupe uliofunikwa kwa kioo. Hiyo haikuwa kauri kamili, ingawa madukani na midomoni ilipewa jina la kauri. Maua yake yaligongwa kwa kipande cha sifongo kilichokatwa umbo la petali au jani, au yalichorwa kwa brashi nene kwa haraka: mpigo mmoja petali ya kushoto, mpigo mmoja petali ya kulia, doa la njano katikati, majani mawili ya kijani, chombo kinasukumwa mbele na kingine kinavutwa. Vyombo hivyo vilipakiwa merikebuni vikaja Unguja, Lamu, Mombasa na bandari nyinginezo, na kutoka hapo vikaingia bara.

Vililetwa katika uchumi wa pembe na karafuu, na karafuu za Unguja na Pemba katika zama hizo zilichumwa na watumwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliochunguza mabaki ya makazi ya mashamba ya mikarafuu wamekuta vigae vya mabakuli hayo ya maua pamoja na vigae vya vyungu vya wenyeji. Hatuna budi kuviangalia vigae hivyo kwa macho mawili. Kwa jicho moja ni takataka za biashara: mali ya bei ndogo iliyobadilishwa na jasho la bei kubwa. Kwa jicho la pili ni chombo ambacho mtu alikichagua sokoni miongoni mwa vingine kwa sababu ya ua lake, akala ndani yake, akakitunza mpaka kikavunjika. Tungependa waalimu wa historia wayafundishe yote mawili pamoja, kwa maana aliyezoea kuona la kwanza tu humnyima yule mlaji hata haki ya kupenda kitu, na aliyezoea kuona la pili tu huisahau bei.

Desturi zilizokuwapo ziliupokea ugeni huo bila matata. Kidaka kilichokuwa cha bakuli la Uchina kilipokea sahani ya Ulaya. Kidaka kilipokosekana, kabati la kioo lilishika nafasi yake. Maua yale yalihamia kwenye sinia na mabakuli ya bati, ambayo nayo yamepakwa kioo juu ya chuma na kuchomwa tanurini, na baadaye yakaonekana kwenye chupa ya chai. Wazee walisema kwamba chombo kizuri kilichotangulizwa mbele ya mgeni hulipokea jicho la husuda na kupasuka badala ya mwenye nyumba. Ndivyo tulivyolipa waridi la watu wa mbali kazi ambayo mchoraji wake hakuifikiria kamwe.

Mwanafunzi atakayetaka kujua sahani ya nyumbani kwao ni ya mkono au ya kubandika hahitaji mtaalamu. Na ayatazame mawaridi mawili yaliyo pande mbili za sahani. Kama yamelingana hata katika ukunjo wa jani la mwisho, yamebandikwa. Achukue kioo cha kukuzia, kile cha maabara. Kama wekundu umegawanyika kuwa nukta ndogo ndogo, ni wa mashine. Kisha aupitishe ukucha polepole juu ya petali. Rangi ya brashi ina kina kisicho sawa, ukucha hupanda na kushuka kidogo, na katika vile vigae vya mabakuli ya maua ya karne ya 19, ambavyo wakulima wa Pemba huweza bado kuvigeuza kwa jembe, ncha ya kila petali imekuwa nyembamba ikaishia kwenye mkia kama unywele, pale brashi ilipoinuliwa kuharakia chombo kingine.